Kidonda cha mguuni baada ya upasuaji wa ngozi: kishonwe, kipandikizwe au kiachwe kijae chenyewe?

Chini ya goti ngozi imekaza juu ya ugoko, damu hupanda kwa shida kurudi moyoni, na maji hutuama kifundoni. Ndiyo maana kidonda cha hapo hupona polepole kuliko cha usoni.

Kingo zikikutana bila kuvutwa, daktari hushona. Nyuzi za mguuni hukaa siku 10 hadi 14. Zikitolewa mapema, kidonda hufumuka. Kingo zisipofikiana, huenda akapandikiza ngozi, mara nyingi ya pajani, na paja nalo likawa kidonda, tena pengine chenye maumivu kuliko cha mguuni. Ngozi iliyopandikizwa haina damu yake siku za mwanzo, hunywa majimaji ya chini yake. Damu ikivilia hapo au bandeji ikisogea, haishiki. Kwa hiyo usiiguse mpaka daktari aifungue, kwa kawaida siku ya 5 hadi 7.

Njia ya tatu hudharauliwa bure: kukiacha kijae nyama chenyewe. Huchukua wiki 6 hadi 12, kikubwa zaidi ya hapo, ila hakuna uzi wa kufumuka wala paja la kuuguza. Kazi ipo kwenye kukisafisha. Nawa mikono. Gozi (kitambaa chepesi cha kufunikia kidonda) ikiganda, iloweshe, usiibandue kavu. Osha kwa maji safi ya uvuguvugu, kausha kwa kugusagusa, paka mafuta ya mgando ya kopo jipya, kisha funika. Usingoje kigaga: ngozi changa hutambaa juu ya unyevu, na kigaga huiziba njia. Spiriti huiunguza.

Bandeji ya kubana husaidia sana, lakini kwanza ipimwe presha ya kifundo dhidi ya ya mkono. Uwiano ukiwa chini ya 0.8, usibane bila ushauri wa mtaalamu. Funga kuanzia nyuma ya vidole hadi chini ya goti, kisigino ndani, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia. Vidole vikipoa, vikifa ganzi au kubadilika rangi, fungua papo hapo.

Utando wa njano juu ya kidonda si lazima uwe usaha. Cha kukupeleka kwa daktari ni wekundu unaotambaa, harufu mbaya, homa, au maumivu yanayozidi wakati yalipaswa kupungua.