Alamisho za vitabu za kutengeneza kwa mkono: zawadi kwa wageni 150 wa harusi

Ugumu wa alamisho za harusi uko kwenye wingi wake. Moja utaikata, utaitoboa na kuifunga utepe bila kutoka jasho. Zikizidi mia, tundu lililohama milimita 2 linaonekana mara tu zinapopangwa mezani, na utepe uliopimwa kwa macho unakwisha kabla ya wageni kwisha. Ndiyo maana hapa tunahesabu kwanza, kukata baadaye. Hesabu zote ni za wageni 150. Kama wako ni wachache au wengi zaidi, badilisha namba na ufuate mpangilio uleule.

Jambo jingine la kuamua mapema: alamisho itakaa ndani ya kitabu kilichofungwa. Chochote kinachovimba juu yake, iwe kifungo, shanga au ua la kitambaa, kitaacha shimo kwenye kurasa, na mgeni ataitoa kitabuni hata kama ni nzuri. Pambo likae kwenye utepe, nje ya kitabu. Unga wa kumetameta uache kabisa. Hata ukigandishwa vizuri, punje zake huhamia kwenye kurasa, mezani na kwenye nguo za watu.

Vifaa

- Karatasi nene za A4, gramu 250 hadi 300 kwa mita ya mraba: karatasi 25
- Utepe wa satini unaong'aa pande zote mbili, upana milimita 6: roli 2 za yadi 25
- Kisu cha karatasi chenye wembe wa kubadilisha, na nyembe za akiba
- Rula ya chuma, isiyopungua sentimita 30
- Mkeka wa kukatia, au kipande kikubwa cha kadibodi ngumu
- Panchi ya mkono ya tundu moja, milimita 5 au 6
- Panchi ya kuviringa pembe, ukipenda
- Mkasi mkali wa kitambaa, usiowahi kukata karatasi
- Kiberiti cha gesi au rangi ya kucha isiyo na rangi

Karatasi ya kawaida ya ofisini ina gramu 80 na haifai hata ukiibandika mara mbili, kwa sababu gundi itaikunja. Manila nyepesi ya gramu 160 inafaa tu ikiwa utalamineti, yaani kuifunika kwa plastiki pande zote mbili, jambo tutakalolifikia mbele.

Hatua ya 1: Hesabu

Wageni 150, ongeza asilimia 10 kwa zitakazoharibika na kwa wageni wasiotarajiwa: 165. Kila alamisho iwe na upana wa milimita 50 na urefu wa milimita 140. Karatasi ya A4 ni milimita 210 kwa 297, kwa hiyo inaingiza nne kwa upana na mbili kwa urefu, jumla 8. Karatasi 21 zinakupa alamisho 168. Nne zinazobaki ni za majaribio, na utazihitaji.

Kwa nini 140 na si 148, ambayo ingetumia karatasi karibu yote? Kwa sababu printa nyingi hazichapi hadi ukingoni. Mbili za 140 zinaacha milimita 8.5 juu na 8.5 chini, na nne za 50 zinaacha milimita 5 kila upande. Kwenye nafasi hiyo ndipo utakapoweka alama za kukatia.

Utepe ndio unaowaangusha wengi. Yadi 25 ni mita 22.86. Ukikata vipande vya sentimita 30, roli moja inatoa 76 na mbili zinatoa 152. Umepungukiwa 16, na unarudi dukani kununua roli ya tatu. Ukikata sentimita 27, kila roli inatoa 84, na mbili zinatoa 168 kamili. Sentimita 3 hizo hakuna atakayezikosa. Ila ujue kila roli inabakiza sentimita 18 tu, hivyo hapo hakuna nafasi ya kukisia.

Hatua ya 2: Andaa maandishi na uchape

Majina mawili, tarehe, na sentensi fupi ya shukrani vinatosha. Ukijaza maneno, herufi zitashuka chini ya saizi 9 na wazee hawatazisoma. Acha sentimita 2 za juu bila maandishi, maana hapo patatobolewa.

Usizungushe fremu kwenye kingo. Mstari mwembamba ulio milimita 3 kutoka ukingoni unaonyesha kila kosa la kisu: upande mmoja utakuwa 3, mwingine 2, na jicho litaenda hapohapo. Mandhari ya rangi moja kwenye alamisho zote nane inasamehe zaidi. Kama unachapa pande zote mbili, tegemea upande wa pili kuhama milimita moja au mbili. Weka nyuma kitu kidogo katikati, mbali na kingo, na kuhama huko hakutaonekana.

Hifadhi faili kama PDF, na wakati wa kuchapa chagua ukubwa halisi, asilimia 100. Ukiacha printa ipunguze ukurasa ili utoshee, alamisho ya milimita 50 inaweza kutoka 48 na vipimo vyote vinavyofuata vitapotea. Chapa karatasi moja ya majaribio kisha uipime kwa rula kabla ya kuendelea.

Karatasi nene ipitishwe kwenye trei ya nyuma au ya mkono, ambako njia yake haipindi sana, na kwenye mipangilio uchague karatasi nene. Angalia pia kitabu cha maelekezo cha printa kinaruhusu gramu ngapi. Kwa printa ya leza, mpangilio huo una maana zaidi ya kuzuia kukwama: wino wake ni unga unaoyeyushwa kwa joto, na karatasi nene isipopewa joto la kutosha, unga hautashika na utabanduka ukikwaruzwa kwa ukucha. Kwa printa ya wino wa maji, jaribio ni tofauti. Acha karatasi ikauke usiku kucha, lowesha kidole, pitisha juu ya herufi. Zikichuruzika, badilisha wino au uchape kwa leza, kwa sababu alamisho hushikwa na mikono yenye jasho.

Kabla ya kuchapa zote 21, mpe mtu mwingine asome. Aangalie hasa kama siku ya wiki inalingana na tarehe.

Hatua ya 3: Angalia nyuzi za karatasi

Hatua hii inachukua nusu dakika na wengi huiruka. Karatasi ina nyuzi zilizolala upande mmoja. Ikunje taratibu kwa upana bila kuivunja, kisha kwa urefu. Upande unaokunjika kwa urahisi ndio mkunjo unaofuata nyuzi. Nyuzi ziende sambamba na urefu wa alamisho, yaani sambamba na milimita 297 za karatasi. Zikienda kinyume, alamisho itakuwa legevu kwa urefu wake na itajikunja kichwa kuelekea miguu hewa ikiwa na unyevu. Ukiweza, fanya jaribio hili kwa karatasi moja kabla ya kununua zote.

Hatua ya 4: Kukata

Usianze kwa kuondoa kingo za karatasi. Alama zako za kukatia ziko hukohuko. Ukizitupa, huna tena cha kufuata.

Laza karatasi kwenye mkeka, upande wa mbele juu. Anza na mistari mitano mirefu. Kata kuanzia karibu na alama ya juu hadi karibu na alama ya chini, bila kupasua ukingo wa karatasi. Ukimaliza, karatasi bado ni kipande kimoja, haitelezi. Kisha kata mstari wa katikati unaokwenda kwa upana, halafu wa juu, mwisho wa chini. Alamisho nne zitachomoka, kisha nne nyingine, na mkononi utabaki na fremu tupu.

Rula ikae juu ya alamisho yenyewe na kisu kipite upande wa taka, ili kisu kikiponyoka kiharibu taka. Pitisha wembe mara tatu kwa mkono mwepesi. Anayejaribu kukata manila ya gramu 300 kwa mkandamizo mmoja huishia na ukingo uliolala kama mteremko, kwa sababu wembe hupinda ndani ya karatasi. Vidole vya mkono unaoshika rula viwe vimerudi nyuma ya ukingo wake, na rula ya plastiki isitumike: wembe huila, na mstari hauwi tena mnyoofu.

Utajua wembe umechoka kabla haujakataa kukata. Ukingo unaanza kuota manyoya madogo meupe, na kwenye chapa ya leza rangi inabanduka vipande vidogo kandokando ya mkato. Vunja ncha au badilisha wembe hapohapo. Kwa karatasi 21 usitegemee ncha moja.

Kama unaviringa pembe, fanya sasa. Mkasi hautakupa pembe nne zinazofanana. Kama huna panchi yake, ziache zikiwa kali.

Hatua ya 5: Kutoboa

Kitovu cha tundu kiwe milimita 10 kutoka ukingo wa juu na 25 kutoka kila upande. Tundu la milimita 6 likiwa hapo, linabakiza milimita 7 za karatasi juu yake. Ukisogeza tundu juu hadi zibaki milimita 4, fundo la utepe litapasua karatasi siku ya kwanza mtu akivuta.

Usipime kila moja. Tengeneza kipimo: kata kipande cha manila cha milimita 50 kwa 50, kitoboe mahali sahihi, kiweke juu ya alamisho kikilingana na kingo tatu, na utie alama ndogo ya penseli katikati ya tundu. Kisha geuza panchi juu chini. Ikikaa hivyo unaona kupitia tundu la chini la panchi, na unaweza kuiweka alama katikati kabla ya kubana. Alama inaondoka pamoja na kiduara kinachokatwa, kwa hiyo hakuna cha kufuta. Toboa moja moja. Panchi ya mkono ikibana manila mbili nene pamoja, ya chini hutoka na tundu lililochanika.

Hatua ya 6: Utepe

Bandika vipande viwili vya selotepu mezani, sentimita 27 kutoka kimoja hadi kingine, na upime utepe hapo. Kuna wanaouzungusha kwenye kadibodi na kukata zote kwa mkupuo. Tatizo ni kwamba kila mzunguko unaopanda juu ya mwingine ni mrefu kidogo kuliko wa chini yake, na ile akiba ya sentimita 18 inaliwa mapema.

Kata mshazari. Mkato mmoja wa mshazari unatengeneza mwisho wa kipande hiki na mwanzo wa kinachofuata, kwa hiyo hakuna utepe unaopotea. Satini ya poliesta huzibwa kwa moto: pitisha ncha haraka karibu na sehemu ya bluu ya mwali, si ya njano, ambayo huacha masizi meusi. Ncha inajikaza, na hapo inatosha. Fanya hivyo kabla utepe haujaingia kwenye karatasi, na mbali na rundo la alamisho. Utepe wa pamba hauyeyuki, unaungua. Huo upakwe tone la rangi ya kucha na uachwe ukauke.

Kufunga: kunja utepe katikati. Ingiza kitanzi kwenye tundu kutoka mbele kwenda nyuma, kipandishe juu ya ukingo, kisha pitisha mikia miwili ndani ya kitanzi. Vuta mikia taratibu kuelekea juu, huku kidole gumba kimebana karatasi juu ya tundu. Ukivuta kwa mshtuko, karatasi inakunjamana hapo na haitanyooka tena. Mikia miwili inabaki na urefu wa kama sentimita 11. Utepe wa milimita 10 unavutia dukani, lakini ndani ya tundu la milimita 6 unajikusanya na kuvimba, na satini ya upande mmoja hugeuka kwenye fundo na kuonyesha mgongo uliofifia.

Wanaotaka kishada cha nyuzi wajue hesabu yake kwanza. Zungusha uzi wa kudarizi mara 25 kwenye kadibodi ya sentimita 7, na umetumia mita 3.5; ongeza nusu mita ya kufunga kichwa na shingo. Kifungu cha mita 8 kinatoa vishada viwili tu, hivyo kwa alamisho 168 unahitaji vifungu 84. Ni kazi nzuri kwa harusi ya watu 30.

Tengeneza 10 za kwanza ukiwa na saa mbele yako. Zikichukua dakika 35 kutoka kukata hadi kufunga, zote 168 zitachukua karibu saa 10, na hapo utajua uite wasaidizi wangapi. Kila msaidizi apewe hatua moja. Kisu kiwe cha mtu mmoja.

Ukitaka maua makavu

Chagua maua membamba. Yabane ndani ya kitabu kizito, katikati ya karatasi zinazonyonya maji, wiki mbili hadi tatu, na ubadilishe karatasi hizo siku za mwanzo. Ua lililo tayari huvunjika likikunjwa. Likiwa bado linapinda, lina maji, na ndani ya plastiki litageuka kahawia. Maua yabandikwe kwa alama ndogo tu za gundi nyeupe, maana gundi hiyo ina maji na nyingi yake huikunja karatasi.

Maua yanahitaji kulamineti, na hapo mpangilio unabadilika. Toboa karatasi kabla ya kulamineti, kisha baadaye toboa tundu dogo zaidi la plastiki katikati ya lile la karatasi. Hivyo plastiki inabaki imeziba mzingo wote. Kwenye kingo nako acha milimita 3 au 4 za plastiki. Ukikata sawasawa na karatasi, plastiki itafunguka. Kwa sababu ya nafasi hiyo, mfuko wa kulamineti wa A4 unaingiza alamisho 6, si 8: mifuko 28 kwa zote. Plastiki ya maikroni 80 inatosha.

Kufungasha

Chapa ya wino wa maji ikae saa 24 kabla ya kuingia kwenye mfuko wowote. Mifuko iwe ya polipropilini, ile inayokwaruza kwa sauti ikifinywa. Epuka PVC laini, kwani kemikali zinazoilainisha hushikana na wino wa leza na kuubandua taratibu. Panga alamisho bapa ndani ya boksi, kumi zikielekea huku na kumi kule, ili mafundo yasikusanyike upande mmoja na kulifanya rundo liiname. Mikia ya utepe ilale imenyooka juu ya karatasi. Satini iliyokunjwa kwa wiki moja hubaki na mkunjo huo, na pasi haiwezi kupita ikiwa tayari imefungwa.