Jinsi ya kuzungumza filamu usiku kucha bila kununiana

Mimi ni fundi wa matanga, Langoni, Lamu. Kazi yangu sindano na uzi, sinema ni wazimu tu. Ila kila Jumamosi baada ya Isha, juu darini kwetu hujaa watu: ami zangu, majirani, kina mama na watoto wao, na bibi yangu kwenye kiti chake cha kamba. Shemeji yangu wa Malindi ameniuliza mara tatu, "Nyinyi mnafanyaje? Huku kwetu filamu ikiisha, watu ama wanagombana ama kila mtu anatafuta viatu vyake." Nimechoka kumjibu kwa simu. Naandika.

Nianze na kitambaa cha kuonyeshea picha, maana hapo ndipo ninapojua zaidi. Shuka la kitanda halifai. Upepo kidogo tu, uso wa mwigizaji unavimba kama aliyeumwa na nyuki. Tumia kitambaa kipya cha tanga, pamba nyeupe, au hata marekani nzito iliyoshonwa pindo. Upande wa juu ufunge kwenye boriti kama tanga linavyofungwa kwenye foromali, ule mti unaolibeba: vikamba vifupi vifupi, kila baada ya shibiri moja. Na chini utie boriti ya pili ining'inie kwa uzito wake. Hiyo ya chini ndiyo inayosahauliwa. Mwaka wa kwanza niliisahau mimi mwenyewe, fundi mzima. Ilikuwa mwezi wa saba, kusi imekaza, tunatazama The Message, ile filamu ya mwanzo wa Uislamu, na mwigizaji Anthony Quinn alipotokea juu ya farasi upepo ukamchukua, yeye na farasi wake, wakalala juu ya paa la makuti la jirani. Watoto mpaka leo wanataka turudie "ile sehemu farasi anaporuka".

Picha ianzie juu ya vichwa vya waliokaa mbele, kwa sababu ya maandishi ya tafsiri. Spika zielekeze ndani, si uchochoroni. Watoto wakiwapo, tazama alama ya bodi ya filamu: GE ni ya wote, PG mzazi awe karibu, 16 na 18 zinajieleza. Kahawa iwe tayari kwenye dele kabla filamu haijaisha, si baada. Nitakwambia kwa nini.

Filamu ikiisha, kuna kimya kifupi ambacho kila mtu anataka kukivunja, na anayekivunja husema neno moja: "Nzuri." Mwingine anasema, "Mbaya." Basi hapo mazungumzo yamekufa. Aliyesema nzuri atailinda mpaka asubuhi, aliyesema mbaya vilevile, na hakuna hata mmoja aliyekwambia ameona nini. Kwa hiyo kwetu kuna sheria moja tu: mpaka kahawa izunguke mara ya kwanza, neno nzuri na neno mbaya ni marufuku. Unapopokea kikombe, unataja kitu kimoja ulichokiona au kukisikia kwenye filamu. Mkono, mlango, sauti ya maji, chochote. Ukimaliza, unampa wa pili nafasi. Mzunguko wa pili, tukana upendavyo.

Siku tulipoitazama tena The Message (sasa boriti ya chini ipo), ami yangu mkubwa alipokea kikombe akasema, "Nimeona watu wanazungumza na mimi." Tukacheka. Akasema, "Msicheke. Wananitazama mimi machoni, wanasubiri jibu." Hapo ndipo vijana walipotambua. Moustapha Akkad, aliyeitengeneza filamu ile mwaka 1976, hakumwonyesha Mtume wala hakumpa sauti. Pale ambapo Mtume angekuwapo, kamera ndiyo imekaa, na waigizaji wanasema na kamera. Kijana mmoja akabisha kwamba filamu isiyomwonyesha mtu wake mkuu ni kama jahazi bila nahodha. Ami akamjibu kwamba jahazi linakwenda, kwa hiyo nahodha yupo. Walibishana mpaka dele la pili. Bibi ndiye aliyemaliza, kwa Kiamu chake, ambamo mato ni macho: "Mato yangu yalikuwa yakimtafuta." Hakuna aliyeongeza.

Kama una muda, filamu hiyo ina faida nyingine. Akkad aliipiga mara mbili, kwa Kiingereza na kwa Kiarabu, kila lugha na waigizaji wake. Hamza, ami yake Mtume, kwa Kiingereza ni Anthony Quinn, kwa Kiarabu ni Abdallah Gheith. Weka tukio lilelile kutoka kwenye zote mbili, moja baada ya jingine, kisha uliza tu: yupi ungemfuata vitani? Watu wasiowahi kusema neno "uigizaji" maishani mwao watakueleza habari ya mabega, shingo na namna ya kunyamaza. Mimi nilimchagua Gheith. Mke wangu alimchagua Quinn, na ana sababu zake ambazo sizikubali.

Filamu iliyotoka kwenye kitabu ina shida ya peke yake, nayo ni yule aliyekisoma kitabu. Tulipoweka Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, jirani yangu mwalimu aliyekisoma kitabu cha Adam Shafi alianza kusahihisha hata Yasmin, msichana wa hadithi hiyo, hajafungua mdomo: "Kwenye kitabu haikuwa hivi." Mara ya nne mama mmoja akamwuliza kama kitabu hicho kina betri, akizime. Tangu siku hiyo, msomaji wa kitabu hupewa kikombe cha mwisho. Naye haulizwi kilichopunguzwa. Anaulizwa: kipi umekiona hapa ambacho kitabuni ulikisoma ukapita? Mwalimu alifikiri sana, kisha akasema vichochoro. Kitabuni Unguja ni jina. Hapa aliona kuta zinavyowabana wale wawili, Yasmin na Denge, na mkoloni akiwa mwisho wa kila kona. Sisi watu wa Lamu tunavijua vichochoro vya namna hiyo, tulimwelewa. Kisha nusu saa nzima ikaenda kwenye lafudhi, nani anasema Kiunguja cha kweli na nani amejifunza juzi. Hilo usijaribu kulizuia. Mswahili kutazama filamu ya Kiswahili bila kupima lugha haiwezekani.

Filamu ya huzuni inataka utaratibu tofauti. Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya 2018, inamhusu Jo, mtoto wa miaka tisa, mgonjwa sana, anayependa filamu za mashujaa, na dada yake na kijiji wanaomfanya aamini kwamba ana nguvu za ajabu. Wakubwa walimaliza wakiwa hawawezi kusema, na mimi, sijifichi, nilikwenda kuangalia waya ambao haukuwa na shida. Basi siku kama hiyo vikombe vianzie kwa watoto, hata kama chao ni juisi ya ukwaju. Mpwa wangu wa miaka minane aliuliza, "Lakini yeye Jo alijua kuwa wanamdanganya?" Swali moja, na watu wazima kumi na wanne wakaamka. Kuna waliosema alijua tangu mwanzo, kuna waliosema hapana. Sitaandika tulifika wapi, maana huenda hujaitazama.

Na hilo ndilo kosa pekee ambalo kwetu lina faini: kufichua mwisho. Kwenye Sholay, ile ya kihindi ya 1975, kuna sarafu ya shujaa mmoja, Jai, ambayo siri yake hujulikana mwishoni. Kijana mmoja aliropoka habari ya sarafu ile katikati ya filamu, mbele ya watu watatu waliokuwa wanaitazama kwa mara ya kwanza. Alinunua viazi karai vya darini pote, na wiki iliyofuata pia.

Stima ikipotea katikati, usikimbilie kuwaaga watu. Washa taa ya simu, igeuzie chini, uwaambie kila mmoja amalizie filamu kwa mdomo. Kuna usiku mwisho alioutunga mwuza kahawa ulikuwa bora kuliko ule tuliouona stima iliporudi. Ila mwisho wa hadithi uwe wa mtu mmoja mmoja. Ndiyo maana filamu zilizosimuliwa na DJ Afro, yule anayezungumza juu ya filamu za kigeni, siziweki Jumamosi. Nampenda, ananivunja mbavu, lakini yeye ameshatoa maoni yote kwa niaba yetu, na filamu anayoitunga kwa mdomo ndiyo tunayoondoka nayo. Za kwake tunatazama siku ya kazi, mikono ikiwa inashona.

Mzee atakayesema filamu za siku hizi hazina maana, usimbishie. Mwulize za zamani zilikuwa na nini, akutajie tukio moja. Akilitaja vizuri, hiyo ndiyo filamu ya wiki ijayo, na yeye ndiye mwenyeji. Mimi huandika jina lake nyuma ya daftari la vipimo vya matanga, asije akasahau kuleta sukari.

Watu wakishateremka, kishushe kitambaa usiku huohuo, kabla umande haujaingia. Kikiwa kimeshika unyevu usikikunje. Kitundike ndani kikauke kwanza. La sivyo kitaota madoa ya ukungu, na Jumamosi ijayo kila mwigizaji atakuwa na ndui.