Kabla ya kununua waya wa taa za ndege unayoijenga mwenyewe

Kabla hujanunua hata mita moja ya waya, amua kwanza ni taa zipi utafunga. Taa ya kutua ya halojeni ya wati 100, kwenye mfumo wa volti 14, inavuta ampea 7 na ushei. Ya LED ya wati 30 inavuta 2 tu. Ukinunua waya kabla ya kujua hilo, umebahatisha.

Kisha pima njia kwa kamba, kutoka kwenye swichi hadi ncha ya bawa, ukifuata kila kona ambayo waya utapita. Hapo jiulize: umeme unarudia wapi? Ndege ya alumini, kama zile RV za Van's Aircraft, inaweza kurudisha umeme kupitia mwili wake. Long-EZ, ndege iliyobuniwa na Burt Rutan, ni ya fibaglasi, ambayo haipitishi umeme, kwa hiyo kila taa inahitaji waya wa pili wa kurudi. Urefu umeshakuwa maradufu.

Chukua ile halojeni, mita 4 kutoka kwenye swichi. Mwongozo wa FAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani), AC 43.13-1B, unataka volti zinazopotea njiani zisizidi 0.5 kwa mzigo wa kudumu kwenye mfumo wa volti 14. Kwenye alumini, waya wa geji 16 (geji ni namba ya unene) unapoteza kama 0.45, unatosha. Kwenye fibaglasi hata geji 14 inavuka kiwango kidogo. Itabidi uende geji 12, yaani waya mnene zaidi, kwani namba ikishuka unene unaongezeka. Ukiweka LED, geji 18 inamaliza kazi kwa kwenda na kurudi. Mimi ningechagua LED kwa hesabu hii peke yake.

Kwenye ganda la waya sina mjadala. Tafuta waya wenye namba AS22759/16: shaba ya nyuzi nyingi iliyopakwa bati, ganda la plastiki ya Tefzel linalostahimili nyuzi joto 150 za Selsiasi. Waya wa gari wenye ganda la PVC ni rahisi na unapatikana kila duka la vipuri, lakini ukiungua hutoa moshi mzito wenye gesi ya asidi. Rubani aliye angani hawezi kusimama kando ya barabara akafungua milango. Waya wa nyumba, ule wa uzi mmoja mgumu, usiuguse kabisa. Mtetemo wa injini utaukata.

Fyuzi au breka huchaguliwa kwa waya, si kwa taa. Kwa geji 20 mwongozo uleule unataja breka ya ampea 7.5. Ukiweka ya 15 kwa sababu ile ndogo inakatika, waya ndio utakaogeuka fyuzi.

Taa za kumweka za zenoni zinahitaji waya wenye kinga ya nyuzi zilizosukwa, na kinga hiyo uiunganishe upande wa kisanduku cha umeme tu, la sivyo redio itajaa kelele. Nyaya za karibu na dira zisokotwe pamoja, ya kwenda na ya kurudi.

Agiza pia pete za mpira za kulinda nyaya kwenye matundu ya mbavu za bawa, na koleo la kubana vichwa vya waya lisiloachia hadi libane sawasawa. Na kabla ya kufunga bawa, acha kamba ya kuvutia ndani ya bomba la nyaya, maana siku utakapotaka kuongeza taa hutakuwa na njia nyingine.