Somo: Bustani ya mboga nyumbani kwa sisi wa nyanda za juu kusini, na majibu ya maswali yenu

Kamwene ndugu zangu wa Iringa na Njombe, na wa Mbeya, Rungwe na Songwe nawasalimu pia. Wengi mmeandika kwamba mboga zenu huanza vizuri halafu zinakwama. Nikisoma maelezo yenu naona chanzo kimoja kinajirudia: tunalima kwa kalenda ya watu wa joto. Jiji la Mbeya liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka kwa nyuzi 6 hivi. Mtu wa Dar es Salaam akikwambia mchicha unachumwa baada ya wiki tatu au nne, kwake ni kweli. Kwako mwezi wa 7 mchicha huohuo utadumaa mpaka uukatie tamaa.

Hatua ya 1: Mahali

Huku kwetu jua la mwezi wa 6 hupita upande wa kaskazini. Ukuta wa nyumba unaotazama kusini unabaki kivulini karibu siku nzima, udongo wake hauchangamki na ukungu unashamiri. Kwa hiyo mboga za kipindi cha baridi ziweke upande wa kaskazini wa nyumba, karibu na ukuta. Tofali linalonywa jua mchana hutoa joto kidogo usiku, na mmea unalihitaji hilo joto. Kama kiwanja chako kina mteremko, usipande chini kabisa bondeni, kwa sababu hewa ya baridi ni nzito, hutiririka ikajikusanya huko. Wenzetu wa Njombe na Makete wanajua: asubuhi bondeni umande umeganda, majani meupe, wakati mlimani kidogo tu mboga ziko salama.

Hatua ya 2: Udongo

Mwenye eneo atengeneze tuta. Asiye na eneo atumie viroba, ndoo zilizotoboka au madumu yaliyokatwa. Kipimo changu ni madebe matatu ya udongo wa juu, debe moja na nusu la samadi iliyoiva, na nusu debe la mchanga kama udongo wenu ni mfinyanzi mwekundu. Samadi iliyoiva haina joto ukiingiza mkono, haitoi harufu ya zizi, inanukia udongo. Samadi ya kuku ni kali zaidi, hiyo iache ioze miezi kadhaa na uitumie kidogo.

Kwa kiroba, chukua kopo lisilo na kitako, lisimamishe katikati, lijaze kokoto, zungushia udongo, kisha livute juu na ujaze tena. Endelea hivyo mpaka juu, upate nguzo ya kokoto katikati ya udongo. Ukimwagilia juu, maji yanashuka kwenye nguzo na kufika chini. Bila nguzo hiyo mimea iliyopandwa kwenye matundu ya pembeni, sehemu ya chini, hufa kwa kiu huku ya juu ikioza.

Hatua ya 3: Nini kipandwe lini

Sukuma wiki, kabichi, karoti, njegere, vitunguu na giligilani hupenda ubaridi wetu. Hizi ndizo za kutegemea Mei mpaka Agosti. Mchicha, maboga na hoho zisubiri Septemba, udongo ukishapata joto. Nyanya nitaieleza peke yake.

Hatua ya 4: Kitalu na kuhamisha

Sia mbegu kwenye mistari, kina kisizidi sentimita moja, tandaza nyasi kavu, na ziondoe mara tu mbegu zinapochomoza. Usibananishe. Miche iliyobanana kwenye udongo ulioloa hupata kinyausi: shina linanywea pale linapogusa udongo, mche unalala chini. Karoti haihamishwi, sia palepale kisha punguza, ukiacha sentimita 5 kati ya mche na mche.

Hamisha jioni, kisha usiku huo huo jihadhari na sota, kiwavi anayekata miche. Ukikuta asubuhi mche umekatwa usawa wa ardhi kama kwa wembe, fukua kwa kidole pembeni yake. Utamkuta kiwavi wa kijivu amejikunja. Muue, halafu kila mche uzungushie pete ya chupa ya plastiki, nusu yake ikiwa ardhini.

Hatua ya 5: Nyanya

Hapa ndipo machozi mengi yanapotoka. Baka chelewa, ugonjwa unaounguza majani ya nyanya, hustawi pale majani yanapokaa yameloa kwenye ubaridi, na masika yetu ni hivyo hivyo. Linaanza kama doa la kahawia lililoloa maji, geuza jani asubuhi utaona utando mweupe chini yake. Baada ya hapo bustani nzima inaweza kuungua ndani ya wiki. Hata viazi mviringo vinaugua hilohilo, kwa hiyo shamba la viazi la jirani ni hatari kwa nyanya zako.

Dawa ya kwanza ni paa. Simamisha miti minne, weka nailoni inayopitisha mwanga, pembeni acha wazi hewa ipite. Mvua isiguse jani. Mwagilia kwenye shina, asubuhi, kamwe si jioni. Funga mmea kwenye mti, kata majani yote ya chini yanayogusa udongo. Nimeona nyanya za ndoo chini ya paa la namna hiyo zikiendelea kuzaa mwezi wa 3, wakati za uwanjani zilikuwa zimebaki vijiti vyeusi.

MASWALI

Dada wa Mafinga: Nilichanganya maranda ya mbao kwenye udongo ili uwe laini, sasa sukuma wiki imekuwa ya njano. Imekosa maji?

Hapana dada. Vijidudu vinavyoozesha maranda mabichi hutumia naitrojeni iliyo kwenye udongo, mmea unakosa. Weka samadi iliyoiva juu na umwagilie. Siku nyingine yaoze kwanza pamoja na samadi kwenye lundo, au yatandaze juu tu bila kuyachanganya.

Mama wa Tukuyu: Chainizi yangu ya mwezi wa 6 imetoa maua ikiwa ndogo, mbegu ni mbovu? Ndaga fijo (asante sana).

Shikamoo mama. Huenda mbegu ni nzima kabisa. Chainizi ikipigwa na baridi ikiwa changa hudhani msimu umepita, inakimbilia maua. Chuma yote sasa, hata vile vichwa vya maua vinalika. Kipindi cha baridi lea miche barazani mahali pa joto kabla ya kuihamisha, au panda sukuma wiki.

Kijana wa Ilula: Kantangaze, yule mdudu wa nyanya, amemaliza majani. Dawa niliyouziwa dukani haimuui.

Mdogo wangu, kiwavi wake anaishi ndani ya jani, kati ya ngozi mbili, na dawa ya kugusa tu haimfikii. Tena amezoea dawa nyingi. Kata majani yenye michirizi, yafunge kwenye mfuko wa plastiki, uache juani mpaka yaive. Usiyatupe kwenye mboji. Ukipulizia, badilisha aina ya dawa, yaani kiambato chake, si jina la chupa tu, na heshimu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko kabla ya kula.

Mzee wa Uyole: Nyanya ilikuwa ya kijani kabisa, ikanyauka ghafla ingawa udongo una maji.

Shikamoo mzee wangu. Kata kipande cha shina karibu na mzizi, kitumbukize kwenye glasi ya maji safi, usikitikise. Ukiona baada ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka, huo ni mnyauko wa bakteria, na dawa ya kupulizia hauna. Ng'oa mmea na mizizi yake, uchome moto. Osha jembe kabla ya kwenda tuta jingine. Pale usirudishe nyanya, viazi mviringo, hoho wala bilinganya kwa misimu kadhaa. Weka kabichi, vitunguu au mahindi. Kama ilikuwa kwenye ndoo, udongo wote umwage mbali na bustani, na ndoo uisugue kwa sabuni kabla ya kuijaza upya.