Kufuga mbwa wa pagi Malindi: mchana atakaa wapi?

Wanaotaka kununua pagi huanza kwa kuuliza anakula nini. Ningependa waanze na swali jingine: saa saba mchana, mwezi wa Februari, mbwa huyu atakuwa wapi?

Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kutweta: hewa inapita puani na juu ya ulimi, unyevu unakauka, joto linatoka. Sasa pagi, huyu mbwa mdogo mwenye asili ya China, uso wake ni bapa, tundu za pua ni nyembamba, na nyama laini ya nyuma ya kaakaa huzidi urefu ikabana njia ya hewa. Ukiongeza unyevunyevu wa pwani, ambao unachelewesha kukauka huko, utaona kwa nini joto la nyuzi 31 za kaskazi linamlemea Malindi kuliko joto hilo hilo bara kwenye hewa kavu.

Nyumba ya makuti inayopitisha upepo inamfaa. Chumba chenye sakafu ya saruji au vigae na feni kinamfaa pia. Chumba cha mabati kilichofungwa hakimfai kabisa. Ikiwa hicho ndicho ulicho nacho, na hakuna anayeshinda nyumbani, chukua mbwa wa kienyeji. Ni mkakamavu zaidi na gharama zake ni ndogo.

Mtembeze baada ya alfajiri, kabla jua halijapanda, au magharibi ikishaingia. Weka mgongo wa kiganja chako juu ya lami. Ukishindwa kustahimili sekunde chache, nyayo zake nazo hazitastahimili. Kamba ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, isiwe shingoni, maana koo tayari ni jembamba. Usimwache ndani ya gari lililoegeshwa, hata kama unaingia dukani kununua maziwa tu.

Dalili za kuzidiwa na joto ni kutweta kwa kelele, ulimi mwekundu mno au wa samawati, mate mazito na kuyumba. Hapo usingoje. Mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida ya bomba au kisima tumboni, mapajani na miguuni, huku mtu akimpepea. Mpe maji ya kunywa akiweza kuyanywa mwenyewe, usimmiminie kinywani. Watu wengi humfunika kwa leso iliyoloa wakamwacha hivyo, na ile leso ikishapata joto inamzidishia. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39. Likipita 41, uhai wake uko hatarini. Akizinduka pia mpeleke kwa daktari wa mifugo, kwa sababu figo na damu huweza kuharibika saa kadhaa baadaye.

“Mbona anakoroma?” Kukoroma usingizini ni kawaida yake. Kukoroma akiwa macho, kuchoka baada ya hatua chache au kuzirai si kawaida, ingawa kwenye video za simu watu huona ni kichekesho. Kuna upasuaji wa kupanua tundu za pua, lakini dawa ya usingizi ina hatari zaidi kwa mbwa wa uso bapa, hivyo tafuta daktari aliyewahi kuwahudumia.

Mikunjo ya uso inataka mkono wako kila siku mbili tatu, na kila siku wakati wa mvua. Inua mkunjo ulio juu ya pua kwa kidole gumba. Utakuta uchafu wa rangi ya kahawia. Pangusa kwa pamba iliyoloweshwa maji safi ya uvuguvugu, halafu ukaushe kwa kitambaa kikavu. Hatua hii ya pili ndiyo inayosahaulika, na mkunjo wenye maji huota ukungu na kunuka. Papo hapo tazama macho. Yametokeza nje, kwa hiyo mchanga wa ufukweni na kucha za paka huyajeruhi upesi. Jicho lililofumba, jekundu au lenye ukungu mweupe lionwe na daktari siku hiyo hiyo.

Ufukweni usimwachilie bila kamba. Si mwogeleaji mzuri, maji ya chumvi humtapisha, na bunju aliyetupwa na mawimbi ana sumu inayoweza kumuua.

Chakula sasa. Pagi mzima huwa na kilo 6 hadi 8, na kila kilo ya ziada inabana pumzi. Mlishe mara mbili kwa siku, kwa kipimo. Mbavu zake uzihisi ukipapasa. Mahamri ya asubuhi na viazi vya karai si vyake, hata akikukodolea macho vipi. Vitunguu, chokoleti na mifupa ya kuku iliyopikwa ni hatari.

Mkague kupe kila jioni, hasa masikioni na katikati ya vidole, maana huleta homa zinazoharibu damu. Usimwogeshe kwa dawa ya ng'ombe uliyokisia kipimo. Na soma kibandiko: dawa za mbwa zenye permethrini huua paka, na Malindi hakuna ua usio na paka. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na miezi 3, kisha kila mwaka.

Majirani wengi ni Waislamu, na mate ya mbwa kwao ni najisi. Mgeni akibisha hodi, mfunge mbwa kwanza ndipo umkaribishe.

Kuhusu kuzalisha: watoto wa pagi wana vichwa vikubwa na majike wengi huzaa kwa upasuaji. Kabla ya kumpandisha jike wako, tafuta daktari atakayekubali kuitwa usiku wa manane, na mpatane bei mapema.