Besi lako linazama? Anza na pikapu

Mwezi uliopita tulimaliza kupiga kwenye harusi, nikiwa nakunja waya wangu, akanifuata kijana anayepiga besi kwenye kwaya moja. "Shikamoo kaka. Gitaa letu ni aina moja, ampu ni ile ile, mbona lako linasikika na langu linazama?" Nikamwambia alete. Volyumu zote mbili zilikuwa mwisho, toni mwisho. Nikarudisha volyumu ya pikapu ya nyuma kidogo tu, upana wa ukucha, nikampa. Akapiga noti tatu, akaangalia gitaa, akaniangalia mimi.

Pikapu ninayoisema hapa si ile ya kubebea matofali. Ni kile kipande cheusi chini ya nyuzi, chenye sumaku ndani na waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara.

Kabla hujachomeka chochote, kaa mahali penye utulivu. Piga uzi wa E kwa kidole pale shingo inapoishia, kisha upige uzi huohuo jirani kabisa na daraja, kile kipande kinachoshikilia nyuzi mwilini mwa gitaa. Kule unapata sauti nene, ya mviringo. Huku inatoka kavu, kama mtu anayekwaruza meza. Pikapu nayo inafuata utaratibu huo. Uzi unayumba sana ukielekea katikati, na unayumba kidogo karibu na daraja ulikofungwa, na pikapu haisikii kitu isipokuwa kile kipande cha uzi kilicho juu yake. Ndiyo maana ya mbele, ile ya upande wa shingo, hubeba uzito, na ya nyuma, ile ya upande wa daraja, hubeba makali. Ndiyo maana pia ya nyuma kwa kawaida huinuliwa karibu zaidi na nyuzi, la sivyo inamezwa na mwenzake. Ikiwa yako imezama, kaza au legeza skrubu zake robo mzunguko kwa wakati, huku unasikiliza.

Nitazungumzia mpangilio wa Fender Jazz Bass, gitaa la besi lililotoka 1960, kwa sababu ndilo ninalopiga na ndilo lililoigwa sana: pikapu mbili nyembamba, volyumu mbili, toni moja.

Mbele peke yake ni sauti ya rumba ya taratibu, na ya ibada pale kinanda kinapotawala juu. Tatizo lake ni kumbi. Ukumbi wa sakafu ya vigae na kuta tupu huigeuza kuwa ngurumo. Watu wanahisi besi kifuani ila hawajui umepiga noti gani.

Nyuma peke yake inabana, inatokea puani kidogo, na haikufichii kosa hata moja. Ukiwa peke yako chumbani utaichukia. Jaco Pastorius, mpiga besi wa Marekani, alijenga jina lake hapo, kwa gitaa lisilo na freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, na vidole vilivyopiga karibu na daraja. Mimi naitumia sebene linapochangamka, solo na rithimu zinaposhindana, ila narudisha toni kama theluthi ili isichome masikio.

Zote mbili mwisho ndipo wengi wetu tunapoishi bila kujua tunakosa nini. Sauti inakuwa safi, yenye chini na juu, tamu kwa wanaopiga kwa dole gumba. Lakini katikati panatoboka. Uzi haupandi na kushuka wote kwa pamoja: kwa baadhi ya milio, pale mbele unapanda wakati pale nyuma unashuka, na pikapu zikichanganywa, milio hiyo inafutana. Na katikati ndiko sikio linakoitambua besi kati ya ngoma na magitaa. Kijana wa harusi alizama kwenye hilo shimo.

Dawa ni kuvunja usawa. Acha ya mbele mwisho, ya nyuma irudishe hadi kama 8 kwa 10. Katikati panarudi, sauti inapata nyama. Ukitaka kinyume chake, nyuma mwisho na mbele 7, unapata besi inayobweka kidogo, nzuri kwa mistari yenye noti nyingi. Hatua hizo ndogo zina kazi kubwa kuliko kuhangaika na vitufe vyote vya ampu.

Ila kuna bei. Kwenye magitaa mengi ya namna hii, pikapu moja imezungushwa kinyume cha nyingine, kwa hiyo zikiwa sawasawa zinafuta mvumo wa umeme. Ukishusha moja, mvumo unarudi. Umeme wetu ni hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, na noti ya G kwenye freti ya 3 ya uzi wa E ni hezi 49, kwa hiyo wimbo ukiwa kwenye G, mvumo unaimba na wewe, tena kwa kupishana kidogo. Sogea mbali na taa za mirija na transfoma, geuka upande mwingine. Wakati mwingine kugeuka robo tu kunatosha.

Kama gitaa lako lina pikapu iliyokatwa vipande viwili mbele, ule mtindo ulioingia kwenye Precision Bass, besi nyingine ya Fender, mwaka 1957, pamoja na nyembamba nyuma, kumbuka ya mbele inafuta mvumo yenyewe na ya nyuma haifuti. Hapo anza na ya mbele mwisho, kisha ongeza ya nyuma polepole mpaka noti zianze kuwa na kingo, halafu simama. Ukiipeleka mwisho utapunguza ule uzito ulionunulia gitaa.

Jambo moja lilinigharimu onyesho zima. Nilipeleka gitaa kwa fundi kubadilishiwa jeki, lile tundu la kuchomekea waya, likarudi likiwa zima pikapu moja moja, ila nikiwasha zote mbili besi linakuwa jembamba kama redio ya mkulima. Nilimlaumu fundi mitambo usiku kucha, bure. Waya mbili za pikapu moja zilikuwa zimegeuzwa, basi zikawa zinafutana hata milio ya chini. Zikarudishwa kwa risasi ya kuchomea, dakika tano.

Usipange sauti ukiwa peke yako. Mwombe mpiga ngoma na rithimu warudie mzunguko mmoja, chukua waya mrefu, simama pale watu watakapokaa, ndipo uzungushe. Ukipata mahali pako, weka alama kwenye kitufe. Mimi nilitumia rangi ya kucha, nyekundu, na mke wangu bado anauliza kichupa chake kilienda wapi.