Namna ya kufuatilia kesi za kupinga marufuku ya bunduki na magazini (visanduku vya risasi vya bunduki) Marekani

Ukisikia kwamba jaji amefuta marufuku ya bunduki ya jimbo fulani, usisambaze habari kwanza. Tafuta hukumu yenyewe, ruka hadi kurasa za mwisho, usome amri. Angalia kama ni zuio la muda au hukumu ya mwisho, kisha kama utekelezaji umesitishwa. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Tarehe 8 Novemba 2024 Jaji McGlynn wa mahakama ya shirikisho alitamka kwamba sheria ya Illinois ya 2023, inayokataza baadhi ya bunduki na magazini makubwa, inakiuka Katiba, lakini papo hapo akasitisha amri yake kwa siku 30 ili jimbo likate rufaa. Kabla siku hizo hazijaisha, Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ya Kanda ya 7 (kundi la majimbo lenye Illinois ndani yake) ikarefusha usitishaji. Sheria ikaendelea kufanya kazi kama kawaida.

Amri ikiwa hai, soma inamlinda nani. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Trump v. CASA wa Juni 2025, majaji wa shirikisho wamebanwa: zuio kwa kawaida huwafaa walalamikaji tu, si kila mkazi. Kama mlalamikaji ni chama, tazama kama amri inawagusa wanachama wake wote.

Sasa rudi kwenye hoja. Kipimo kimetoka kwenye kesi ya Bruen, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu 2022. Mlalamikaji huanza kwa kuonyesha kwamba kinachokatazwa ni "silaha" kwa maana ya Marekebisho ya Pili ya Katiba, yanayolinda haki ya kumiliki silaha. Magazini ya risasi zaidi ya 10 hupata taabu hapa: jimbo husema ni kifaa cha ziada tu, walalamikaji hujibu kwamba bunduki nyingi za kisasa hazifanyi kazi ipasavyo bila magazini. Mlalamikaji akivuka, mzigo huhamia kwa jimbo, nalo lionyeshe desturi ya kihistoria inayofanana na sheria yake. Kesi ya Rahimi (2024), ya mahakama hiyohiyo, ililegeza kidogo: haihitajiki sheria pacha ya zamani, inatosha kanuni ileile. Ugomvi mkubwa ni kama AR-15, bunduki ya nusu-otomatiki, "inatumika kwa kawaida" na raia, maneno yanayotokana na kesi ya Heller ya 2008, au ni silaha ya kivita. Agosti 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya 4 iliipa Maryland ushindi kwa hoja hii ya pili. Uamuzi huo unazifunga mahakama za shirikisho za kanda hiyo tu, kwa hiyo jua kwanza jimbo lako liko kanda ipi.

Weka kalenda. Rufaa katika kesi dhidi ya jimbo huwasilishwa ndani ya siku 30 tangu hukumu. Ombi kwa Mahakama ya Juu ndani ya siku 90 tangu uamuzi wa rufaa, nalo huhitaji majaji 4 kati ya 9 ili lisikilizwe. Ombi la kesi ya Maryland lilikataliwa tarehe 2 Juni 2025, majaji watatu wakitaka lipokelewe. Kukataliwa huko si kuunga mkono marufuku. Jaji Kavanaugh aliandika kwamba mahakama inapaswa kulichukua suala hili hivi karibuni.

Kwa ndugu walioko huko kwa viza ya muda, wanafunzi wakiwemo: hata marufuku ya jimbo ikianguka, sheria ya shirikisho, kifungu 922(g)(5)(B), bado inawakataza kumiliki bunduki au risasi, isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni halali ya kuwinda.